Maji ya Baraka

“Congo ina wenyewe, Elisha, wewe huko unatafuta—”

“Mama, ni serikali inatutuma, tunaenda kulinda am—”

“Amani gani? Umelinda mwaka mzima na watu bado wanakimbia!”

Basi la Singida Mjini lilishapiga honi pale barabarani. Elisha akafungua vifungo vya kombati, akasimama kifua wazi. Kwao mwana hasafiri mpaka mama amtemee maji ya baraka kifuani.

Mama akachota kikombe mtungini, akapiga funda kubwa, mashavu yakavimba kama ya chura. Akamwangalia mwanawe kuanzia buti hadi utosi. Halafu akameza, gudu!

“Nilikuwa na kiu,” akasema.

Mke wa Elisha, mzaliwa wa Uvira huko huko Congo, alikuwa anapepeta alizeti. Tangu asubuhi wanagombana juu ya kwao, na hakuna aliyemuuliza yeye anaonaje. Akatua ungo, akamfungua mtoto mgongoni na kumpakatisha Elisha. Kisha akapiga magoti mbele ya mkwewe, akafungua kifungo cha juu cha gauni.

“Mama, huyu abaki alee. Kwetu tutapatengeneza wenyewe. Naomba unitemee mimi.”