Damu ya Brockhof

"Nyoosha mikono," daktari alisema. "Juu ya meza. Usiitikise."

Gesine akainyoosha. Walikuwa jikoni kwa Bibi Thekla Wessendorf, jirani wa kwanza wa shamba la Brockhof. Vidole vilitulia. Daktari alivitazama muda mrefu, kama mtu anayemsubiri mgeni aliyechelewa.

"Havitetemeki," alisema Bibi Thekla.

"Bado," daktari akajibu.

Gesine alikuwa ameishi na neno hilo tangu utotoni. Watu wa Brockhof hucheza bila ngoma. Ndivyo mama yake alivyomsimulia huko Bremen alikokulia. Mtu hufika umri wa makamo akiwa mzima, kisha bega linaruka lenyewe, kisha mguu, kisha uso, mpaka inabidi afungwe kwenye kiti asije akaangukia motoni. Mzee Hermann, baba wa babu yake, alikufa hivyo. Babu yake, Anton, alipigwa teke na farasi angali na nguvu zake. Baba yake, Klemens, alifia vitani huko Verdun. Hakuna aliyejua kama hao wawili nao wangecheza, maana hawakupewa muda.

Na mwaka huo wa 1935 serikali ilikuwa imeanza kupekua damu za watu, ikiwasaka wenye magonjwa ya kurithi. Gesine na mchumba wake, Henning, walipokwenda kuomba ruhusa ya kufunga ndoa, karani mmoja mzaliwa wa sehemu zile aliliona jina Brockhof, akanyanyuka kumwita mkubwa wake. Sasa faili lilikuwa mkobani mwa daktari huyu wa serikali. Likithibitishwa, Gesine angepelekwa hospitali apasuliwe, asizae tena maisha yake yote.

Alikuwa ametangulia kuja kijijini kutafuta chochote cha kumwokoa. Hakupata kitu. Kitabu cha ubatizo kiliungua zamani, radi ilipopiga mnara wa kanisa. Makaburi ya wazee yalikwisha kuchimbwa upya, wakazikwa wengine humo, kama ilivyo desturi. Yalibaki masimulizi tu, na masimulizi yote yalikuwa ya kucheza.

"Bibi, shahidi umebaki wewe," daktari alisema akifungua kalamu. Hilo alikuwa ameambiwa na kila mtu kijijini: jirani wa kwanza ndiye anayeosha maiti za nyumba ya pili, ndiye anayepeleka habari za vizazi na vifo mlango kwa mlango. "Gesine ni mtoto wa Klemens. Klemens ni mtoto wa Anton. Anton ni mtoto wa Hermann. Sivyo?"

Bibi Thekla alitoa rozari mfukoni mwa aproni, akaiweka mbali, juu ya kabati. Akarudi kuketi.

"Hayo mawili ya mwanzo kweli. Hilo la mwisho nani kakudanganya?"

"Anton Brockhof si mtoto wa Hermann Brockhof?"

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Daktari, mwanangu, kwenu Berlin jina humfuata mtu kama mbwa. Huku mtu ndiye hulifuata jina. Jina ni la shamba. Anayeingia, awe mkwe, awe mnunuzi, analivaa kama koti alilolikuta mlangoni." Akasukuma dirisha. "Brockhof! Wewe, Brockhof!"

Ng'ambo ya ua, mwanamume mwenye nywele nyekundu aliinuka na uma wake wa samadi. "Nini tena, Thekla? Kuku wangu wako kwako?"

"Mwambie daktari baba yako aliitwa nani!"

"Tenhagen! Kwani amekufa mara ya pili?"

"Na wewe je?"

"Kwenye hati, Tenhagen! Lakini nilinunua shamba, jina likaja pamoja na ng'ombe. Hata mke wangu akikasirika ananiita Brockhof!"

Bibi akafunga dirisha. "Umesikia mwenyewe. Anton alikuwa kibarua, katokea huko kwenye vinamasi. Akamwoa Elisabeth, binti pekee wa Hermann. Elisabeth akafa na mimba yake. Anton akabaki na shamba, akabaki na jina, enzi zile hata kwenye hati, akaoa msichana wa jikoni. Huyo ndiye aliyemzaa Klemens. Huyu binti hana tone la damu ya Hermann. Angekuwa nalo, ningemficha mimi? Mimi niliyekuwa nikikaza kamba za kile kiti?"

Daktari aliuliza huku, akauliza kule. Bibi hakuyumba.

"Utaapa?"

"Naapa."

Kalamu ikaandika. Daktari akafunga mkoba, akamtazama Gesine kama bidhaa iliyorudishwa dukani. "Basi. Nenda ukaolewe."

Gari lake lilipopotea nyuma ya miti ya mialoni, Gesine alilia, akacheka, akalia tena. Kisha akashikwa na kitu asichokitarajia: upweke. Wale wachezaji alikuwa amewaogopa tangu utotoni. Aliwaota usingizini, akawaombea kwa majina yao. Leo, ghafla, hawakuwa wake.

"Kumbe nimekuwa nikiwalilia wageni," alisema. "Bibi, nipeleke basi kwa kina Anton, huko kwenye vinamasi. Huenda kuna ndugu zangu waliobaki."

Bibi Thekla aliinuka. Alikwenda mlangoni, akatia komeo.

"Huko hakuna mtu wako, mwanangu," alisema kwa sauti ya chini. "Nimewanyima wale haki ya kukuamulia, basi. Kuzaa au kutozaa, kaamue wewe na Henning wako. Lakini uamue ukijua. Anton alizaliwa hapo ng'ambo, kitandani kwa Hermann. Mama yangu ndiye aliyemkata kitovu."