Mikunjo Aliyoipapasa Asteria

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe 9 Machi 2061. Siku hiyo wakubwa walitangaza kuwa kila aliyetimiza miaka sitini lazima akazwe ngozi ya shingo na taya kwa mashine, ilingane na kipimo kimoja, ili nchi isionekane imezeeka. Kwao ni rahisi, wao walishakazwa zamani.

Mke wangu Asteria alikuwa ameshafariki. Alikufa haoni, na miaka yake ya mwisho alinitambua kwa kunipapasa mikunjo ya shingo. Hata sasa huja ndotoni, katikati ya ukungu mweupe, ananipapasa na kucheka: "Baba Koku, umekuwa kobe!"

Leo nimelazwa kitandani, hospitalini kwa hao wakubwa, ganzi inaniingia polepole, dari inaelea kama wingu.

"Mzee wangu, inua kidevu," nesi akasema. "Utatoka hapa kijana, utaoa tena."

"Nimeshaoa. Niachieni mkunjo mmoja tu, huu wa chini."

"Mashine haikubali, baba. Hata mmoja."

Nikamuuliza huku akiinamia vyombo vyake: mke wangu akija kunipapasa, atajuaje kuwa ni mimi?