Tangulia, Dada

Siku hizi nyumba haimfungulii mtu asiyekuwemo kwenye mfumo. Basi eda ya kufiwa na mume wetu ilipoisha, tukatakiwa kupakia vyeti vya ndoa kwenye fomu ya mfumo huo, mimi na mke mwenzangu Mwantumu.

"Tangulia, dada, wewe ndiye mkubwa," akaniambia kwa adabu.

Nikatangulia. Alipopakia cha kwake, changu kikafutika papo hapo.

Nikaenda ofisini kwa aliyeitengeneza hiyo fomu, mtu mzima na tai yake shingoni.

"Mama, fomu inapokea mafaili mengi."

"Inapokea mengi, inabakiza moja!"

"Mlipaswa kuyachagua yote kwa mkupuo mmoja."

Mkupuo mmoja! Kwani sisi tuliolewa kwa mkupuo mmoja? Hata muuza nyanya akipanga fungu la pili hatupi la kwanza. Wasomi hawa!

Nikarudi nyumbani nimefura. Mlango nilioupaka rangi kwa mkono wangu ukasema, "Karibu, mgeni. Mwenyeji anaarifiwa."

Nikasikia kandambili za Mwantumu zikija taratibu, zikasimama nyuma ya mlango.

"Mwantumu, nifungulie, ni mimi dada yako."

"Nani?" akauliza, kwa adabu ileile.