Betri ya Pili

Mchanga aliojaza ndani ya betri iliyokufa Anaclet aliupima kwenye mizani, mpaka ikawa na uzito sawasawa na nzima. Akaziba vifuniko kwa lami, akaipaka rangi nyeusi kama ile nzima, akamkabidhi Casimir, mume wa mdogo wake Constance, nahodha wa mashua ya abiria kule Kasenga.

"Iko ya mupya, shemeki," alisema, na ulimi haukumkwama.

Sheria mpya ilitaka kila mashua ya abiria iwe na betri ya pili, ya taa na honi, ile ya injini ikizimika. Gereji ya Élisabethville alikofanya kazi Anaclet ilikuwa na betri nzima moja tu, ya mzungu aliyekwenda likizo Ulaya. Aliogopa kuigusa. Aliona haya pia kumrudisha shemeji mikono mitupu. Mkaguzi alitazama rangi, akaiinua kidogo, akatia sahihi.

Hapo ndipo usingizi ulipomhama Anaclet. Watu arobaini kwenye ukungu wa Luapula, na honi ya mchanga! Kila akipiga magoti kanisani aliwaona wote wamemkodolea macho.

Jumanne Casimir alipita gereji, gunia la chumvi begani. Leo naungama, alijiambia Anaclet, akaenda kwanza kumchotea maji ili ajipe moyo. Aliporudi alimkuta shemeji anahema, anakaza kamba ya gunia. Hakumtazama usoni, ukweni ndivyo, macho hayagongani.

"Nitakunywa siku ingine, shemeki. Kamiyo ya kurudi Kasenga itaniacha."

Anaclet akayamwaga maji.

Jumamosi Anaclet alishindwa kuvumilia. Liwalo na liwe! Aliishusha betri ya mzungu rafuni, akaitia kwenye mfuko, akapanda lori la samaki. Jumapili alifika Kasenga, Casimir akiwa misani. Chomba, mlinzi wa mashua, alimpisha bila maswali.

"Kesho alfajiri tunapeleka bantu arobaini Kilwa, kule ziwani," alisema mzee huyo. "Batri ya injini inazeeka, inaweza kufa saa yoyote. Lakini bwana Casimir anasema ile ya pili iko, hatuna wasiwasi."

Maskini, wanategemea mchanga, aliwaza Anaclet. Alishuka ndani ya mashua, akaichomoa betri aliyoikuta, akafunga mahali pake ile aliyokuja nayo. Zilifanana kama mapacha. Kazi ya mikono yake mwenyewe. Chomba alipogeuka kuwasha kiko, Anaclet akaiachia ile ya zamani mtoni, ushahidi usibaki. Ikazama na dhambi yake. Njia nzima ya kurudi aliimba, na dereva akamcheka.

Jumatatu, jua limeshapanda, Constance aliingia gereji na fungu la samaki waliokaushwa. Alikuwa anaangalia chini.

"Yaya, kaka yangu, bwana yangu anaomba musamaha. Alinituma tangu juma ile, mi niliogopa."

"Musamaha ya nini?"

"Ile batri ulimupa ilikuwa na muchanga. Ye hakutaka kukupa haya, uko mukubwa wake. Lakini aliwaza bantu wa mu mashua yake." Akamsogezea samaki. "Jumanne, wakati ulienda kuchota maji, alibeba ile nzima yenye ilikuwa hapa juu. Ile ya muchanga akaiacha pale pale."