Mutoto wa Kula kwa Batu

Siku Ernestine alipotoa karai lake la kukaangia mikate akampa Micheline bure, parcelle nzima, wapangaji wote wa ua ule, ilitoka nje kushuhudia.

"Weye, iko nini?" Micheline aliuliza, karai limemjaa mikononi. "Na utauza nini kesho?"

"Sitauza. Bénie hatakula mikate tena. Atakula majani."

Asumini, ambaye wote humwita Mama Rachidi, alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mlango wake unatazamana na wa Ernestine, na nani hapo Ndosho hakumjua Bénie? Mtoto wa miaka minne, mtoto pekee wa mama mjane, aliyekuzwa kwa mikate ya moto na chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Ukimwonyesha sombe ya majani ya muhogo, analia. Ukimwekea sambaza, wale dagaa wa ziwani, anasema zinamwangalia. Malkia mzima!

Lakini tangu Ernestine atoke hospitali, upande wa Katindo, alikuwa amegeuka mtu mwingine. Mama Rachidi akajisemea: haya, watu wa lishe wamemtisha. Si ndio wanaosema mtoto wa sukari anajaa tumbo, damu hana?

Vita ikaanza. Ernestine alisaga sambaza kavu akazificha ndani ya uji. Bénie akanusa, akasukuma kikombe. Alitia karanga kwenye lengalenga. Mtoto akaramba karanga, majani akayapanga pembeni mwa sahani. Tonge hii ya Bikira Maria, hii ya papa yako aliye mbinguni, wapi! Kinywa kilifungwa kama duka risasi zikilia.

Ndipo Ernestine akafanya jambo lililofungua midomo ya wengine wote. Alianza kumtuma Bénie kula kwa watu.

Hapo parcelle, jua likianza kushuka, kila mama huita watoto wake kwa majina, waje wale kwao. Mtoto anayezunguka kwenye vyungu vya majirani anamwaibisha mama yake. Ni kutangaza kwamba kwao jiko limezimika. Na Ernestine ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Zamani Bénie hakuruhusiwa kuonja hata punje ya muhindi wa jirani. Sasa leo yuko kwa Micheline, kesho kwa Mama Gisèle, na mama yake amekaa mlangoni juu ya kiti kidogo, anaangalia tu.

"Njaa imeingia mule," Micheline alinong'ona kwenye robine, ndoo zikijaa. "Ameacha biashara, sasa anatubebesha mutoto."

"Njaa gani? Ni uvivu," Mama Gisèle akajibu. "Siku hizi hata nguo zake hafui mwenyewe."

"Na ndugu za bwana yake?"

"Ba Bukavu bale? Tangu mazishi, umeshaona hata mumoja?"

Micheline alimbembeleza mtoto, akamkaangia yai lake peke yake. Bénie alikula huku akigeuza shingo kila tonge kumtafuta mama yake, halafu akakimbilia kwao. Mama Gisèle, yeye, alimkemea, mtoto akatapika. Kila mara Ernestine alitikisa kichwa, akamfuta mdomo, na kesho yake akamtuma mlango mwingine.

Zamu ilipofika kwa Mama Rachidi, alinuna, kusema kweli. Watoto alikuwa nao tele, na bwana yake Idrissa alikuwa barabarani na lori.

"Kwangu hakuna yai la malkia," alimwambia Bénie. Akamtupia fungu la lengalenga mapajani. "Chambua, kama wenzako."

Watoto walichambua wakigombana, wakaosha wakirushiana maji. Chakula kilipoiva waliinama wote kwenye sinia moja, na katika ile nyumba anayenuna hukutana na sinia tupu. Siku hiyo Bénie alikutana nalo. Kesho yake, mkono wa Rachidi uliposogea upande wake, alipiga kelele: "Hayo majani ni miye nilichambua!" Akayachota na bugali, akayameza kabla hajakumbuka kwamba hayapendi.

Baada ya hapo hakuna aliyembembeleza tena. Alikula sombe, maharagwe, hata sambaza na vichwa vyake.

Mama Rachidi alijaa sifa. Jioni moja akaita kwa sauti ya kusikika hata njia kuu: "Mama Bénie! Njo uone malkia wako!"

Ernestine alivuka ua polepole, mkono ukutani, akakaa penye kizingiti. Bénie alikuwa amempa mgongo, midomo ya kijani, akigombania mkia wa samaki na Rachidi. Alisikia sauti ya mama yake ikisalimia. Hakugeuka.

"Umeona?" Mama Rachidi alisema akicheka. "Kazi nimemaliza. Sasa umurudishe kwako, umupikie vilevile."

Ernestine alimtazama mtoto muda mrefu. Alitabasamu, na machozi yakamshuka papo hapo, bila sauti.

"Sitamurudisha, Mama Rachidi," alisema chinichini, mtoto asisikie. "Ugonjwa wangu hauna dawa. Nilikuwa natafuta nyumba ambamo atakula bila kugeuka kuniangalia."