Mteremko wa Mtongwe

Kioko aling'oa kipande cha tairi kilichopigiliwa nyuma ya mkokoteni wake, akakitupa mtaroni.

"Na breki je?" Ngala akauliza. Yeye alikuwa amechuchumaa, akipigilia tairi jipya, nene kama mkate wa kumimina.

"Breki ya nini? Gurudumu likibingirika, msuguano ni kidogo. Tairi likiburuzwa kwenye lami, unabaki nyuma. Hiyo ni fizikia, buda."

"Haya, mwalimu," Ngala akacheka.

Nafasi ilikuwa moja tu katika kijiwe cha wauza maji wa Mtongwe, na walioitaka ni hao wawili. Kioko alikuwa na miezi mitatu tangu atoke Kitui, akilala kwa binamu aliyekwisha kumchoka. Akiikosa, kesho anapanda basi la kurudi kwao.

Mwanatatu, mwenyekiti wa kijiwe, akaja na filimbi shingoni. "Kila mmoja ana mitungi kumi na mitano. Kusimama njiani hakuna. Na mshindi ni yule..."

"Masharti nayajua, mama!" Kioko akamkata kauli, vidole vimejaa grisi ya magurudumu. "Wewe piga filimbi tu."

Mwanatatu akamtazama, akaitazama grisi. "Haya, baba. Mjuzi haambiwi."

Kule chini, penye kivuko cha zamani, watu walikuwa wametandika mikeka. Jumwa, muuza mahamri, alikuwa ameleta chupa mbili kubwa za chai. Kioko alishangaa. Mikeka ya nini, kwa jambo la kufumba na kufumbua?

Filimbi ikalia.

Kioko hakukimbia, aliruka. Mguu uligusa lami hapa, wa pili ukagusa kule, mkokoteni ukimsukuma mgongoni kama fahali aliyeona nyasi. Kuku wakatawanyika. Akafika chini, akazunguka mara mbili mchangani, akasimama. Hata mtungi mmoja haukuanguka.

"Nimeshinda!"

Hakuna aliyepiga makofi. Wote walikuwa wakitazama juu. Ngala hakuwa amemaliza hata robo ya mteremko. Ameinua mikono ya mkokoteni, tairi la nyuma linasugua lami na kutoa moshi, naye anateremka hatua kwa hatua kama bibi harusi.

Jumwa akammiminia Kioko chai.

"Keti unywe, kaka. Kushuka hata jiwe lajua. Huku kwetu nafasi hupewa anayefika mwisho."