Mashine ya Dirishani

"Mji huu mzima hakuna anayenishinda kwa mtandao," Bi Sikudhani alipenda kujigamba, kisha akacheka mwenyewe: "Ila kompyuta zenyewe ni nne, na zote ziko ofisi ya maji."

Miaka kumi na moja alipita meza kwa meza kila asubuhi, akiiandikia kila mashine namba za kuiunganisha na mtandao kwa kidole kimoja. Kila meza ilimpa salamu, na hizo ndizo zilizomtosha siku nzima, maana nyumbani aliitikiwa na kuku tu. Juzi ikatiwa programu inayokaa kimya ndani ya mashine. Ukiwasha tu, inaupanga mtandao yenyewe bila kuombwa.

"Umetufaa sana, bibi," mkuu wa ofisi akamwambia. "Sasa pumzika."

Asubuhi iliyofuata akarudi, akaketi kwenye mashine ya dirishani na kuanza kuchapa.

"Shikamoo, bibi," alisema Mwajabu, karani. "Si uliambiwa upumzike?"

"Marahaba. Hii ina inda, mwanangu. Hiyo programu yenu haiiwezi."

"Kweli?"

"Tena sasa hivi imenisikia. Zimebaki namba tatu, mtandao urudi."

Mwajabu alizunguka meza, akainama, akaokota waya wa umeme wa mashine hiyo uliolala sakafuni. Plagi yake haikuwa imechomekwa popote.

Bi Sikudhani aliiona. Kidole chake kikaendelea kuchapa, taratibu, mbele ya kioo cheusi.